Kushusha matawi kwa kamba ukiwa peke yako juu ya mti

Miti mingi tunayoitwa kuikata mijini ilitangulia nyumba. Mwembe ulipandwa, miaka ikapita, ikajengwa nyumba, likaja choo, ukaja ukuta wa jirani, likawekwa tenki la maji. Tawi ambalo zamani ungelikata likaanguka lipendavyo sasa lina mabati chini yake. Hapo ndipo kamba inapohitajika. Na mafundi wengi, iwe Moshi, Tanga au Nairobi, hawana kikosi: fundi yuko juu na msumeno, chini yupo mwenye nyumba.

Njia iliyozoeleka ni kumpa mtu wa chini kamba aishike kwa mikono mitupu. Naipinga njia hiyo kwa moyo wote. Tawi la kilo 80 likikatika, mtu wa kilo 65 aliyeshika kamba hunyanyuliwa, au kamba humkimbia mikononi ikamchuna viganja. Mwongozo huu unafuata njia nyingine: uzito wote ubebwe na mti wenyewe, breki, yaani kinachozuia kamba isikimbie, iwe juu pale ulipo wewe, na kila kipande kiwe kidogo kiasi kwamba kikining'inia mbele yako hakikutii hofu.

Kwanza, usiwe peke yako kabisa

Kufanya kazi ya kamba peke yako ni jambo moja. Kuwa peke yako uwanjani ni jambo jingine, na hilo la pili nakusihi usilifanye. Uingereza, mwongozo wa usalama wa kupanda miti unataka watu wasiopungua wawili wawepo muda wote, na mmoja wa walio chini awe anaweza kupanda kukuokoa. Sababu ni hii: mtu aliyezirai huku ananing'inia kwenye mkanda anaweza kufa ndani ya dakika chache, maana njia ya hewa huweza kuziba shingo ikiinama. Gari la wagonjwa haliwezi kufika kwa muda huo.

Kama huyo wa chini hajui kupanda, funga kamba yako kwa namna ambayo yeye anaweza kukushusha. Kamba yako ya kupandia ipite kwenye panda imara juu, yaani pale tawi linapoachana na shina, iteremke mpaka chini, ifungwe kwenye shina kwa karabina (pete ya chuma inayofunguka) na fundo la munta, yaani lile ambalo kamba huizunguka karabina na kujikumbatia yenyewe, ukiilegeza inatoa polepole. Fundo hilo lifungiwe kwa kitanzi na nusu fundo, na iachwe kamba ya ziada ndefu kuliko kimo chako juu ya mti. Kabla ya kupanda mbali, ning'inia mita 1 kutoka ardhini umwambie akushushe. Akiweza mara mbili bila kuelekezwa, panda. Kumbuka tu kwamba kamba iliyofungwa chini huipa panda ya juu karibu mara mbili ya uzito wako, kwa hiyo chagua panda nene. Na upande ule wa shina lilipo fundo usidondoshe kitu.

Kazi za mtu wa chini ni tatu: kuzuia watoto na mifugo wasiingie uwanjani, kufungua kamba tawi likishatua na wewe umesema "Fungua!", na kukushusha ukipatwa na jambo. Kamba ya kushushia matawi haishiki kamwe.

Uutazame mti kabla ya kuushika

Zunguka mti wote. Tafuta uyoga kwenye shina, gome lililobanduka, tundu, ufa kwenye panda. Gonga shina kwa nyuma ya shoka. Penye uwazi ndani sauti hubadilika. Mti uliooza haufai kubeba mtu na tawi kwa pamoja.

Tazama nyuki. Nyuki wetu ni wakali, na mtu aliyefungwa kamba kwenye mti hana pa kukimbilia. Ukiona wanaingia na kutoka kwenye tundu, ahirisha, aitwe mrina asali kwanza. Pwani, kwenye miembe na mikorosho, tafuta pia viota vya majani yaliyoshonwa: hao ni sisimizi waitwao maji moto, na hawaui mtu, ila wanaweza kukufanya uachie msumeno. Utomvu wa mwembe na wa mkorosho huunguza ngozi, basi vaa mikono mirefu na miwani.

Umeme sina mengi ya kusema juu yake. Kama tawi, kamba au mwili wako unaweza kuufikia waya, usipande. Mti mbichi hupitisha umeme, na kamba iliyolowa pia. Ita TANESCO, au Kenya Power kwa walio Kenya, wazime laini kwanza. Uliza vilevile kuhusu kibali cha kukata kwenye ofisi ya mtaa au kijiji. Sehemu nyingi kinahitajika hata kwa mti wa uani kwako.

Vifaa

Kamba mbili, na zisichanganywe: moja ya kukubeba wewe, nyingine ya kubeba matawi. Ya matawi ikishachoka haigeuki kuwa yako.

Zile kamba za plastiki za buluu, kijani na njano zinazouzwa kila duka la vifaa vya ujenzi ni za polipropilini. Ni nyepesi na bei yake ni ndogo, lakini huyeyuka kwenye joto la kama nyuzi 160 tu za Selisiasi, na kamba yenye mzigo ikisuguliwa kwenye kigutu huzalisha joto kweli. Huanza kung'aa na kuwa ngumu, kisha hukatika. Katani ina mshiko mzuri, ila huoza kwa ndani huku nje ikionekana nzima. Chagua kamba ya poliesta ya milimita 12 au 13. Nailoni hunyumbuka sana. Sifa hiyo hupunguza mshtuko, lakini pia hulifanya tawi lishuke zaidi ya ulivyopanga, na ikilowa hupungua nguvu. Kamba yoyote, usiipe mzigo unaozidi sehemu moja ya kumi ya nguvu yake ya kukatika, kwa kuwa mafundo peke yake hula theluthi ya nguvu hiyo au zaidi.

Uwe pia na vitanzi vifupi viwili vya kamba nene au mkanda wa kuinulia mizigo, karabina tatu za chuma zenye kufuli, kapi moja, msumeno wa mkono wenye ala, kofia ngumu na mkanda wa usalama. Una msumeno wa mnyororo? Basi uwe umejifunga sehemu mbili kila unapouwasha: kamba kuu, na kamba fupi ya kiunoni yenye waya wa chuma ndani. Kwa tawi lisilozidi unene wa mkono, mimi nausifu msumeno wa mkono. Unakwenda polepole, na polepole hiyo inakupa nafasi ya kusikia mti unasema nini.

Jua uzito kabla ya kukata

Mti mbichi uhesabu kuwa una uzito wa maji, yaani kilo 1,000 kwa mita ya ujazo. Mkaratusi mbichi huufikia uzito huo na wakati mwingine huuzidi. Miti mingine mingi iko chini kidogo, na hapo kosa lako linakuwa upande wa usalama.

Hesabu ya haraka: chukua kipenyo kwa sentimita, kizidishe kwa chenyewe, kisha zidisha kwa 0.08. Jibu ni kilo za kila mita 1. Tawi la sentimita 10 lina kilo 8 kwa mita. La 15 lina 18. La 20, ambalo ni kama unene wa paja, lina 32. La 30 lina 72, na la 40 lina 128. Angalia jinsi inavyopanda: unene ukiwa mara mbili, uzito ni mara nne. Hapo ndipo macho huwadanganya hata wazoefu. Kwa majani na vitawi mimi huongeza nusu ya jumla, na msimu wa maembe huongeza zaidi.

Kiwango changu cha kazi ya peke yangu ni kilo 40 kwa kipande. Kizito zaidi kinagawanywa, au kinasubiri siku ya kikosi.

Mahali pa kupitishia kamba

Kamba ya matawi ipite juu ya tawi unalokata, karibu iwezekanavyo na wima wake. Panda ya asili inatosha kwa mizigo midogo, na msuguano wake wenyewe unakusaidia kuzuia. Ubaya ni kwamba huila kamba. Kitanzi kilichofungwa kwenye shina na kapi juu yake ni bora zaidi, maana kamba inateleza vizuri na unajua kila mara nguvu iko wapi.

Ila ujue hesabu yake. Tawi la kilo 40 likining'inia upande mmoja wa kapi, breki nayo inavuta kilo 40 upande wa pili, kwa hiyo kapi na kile kilichoishika vinabeba 80. Hayo ni mambo yakiwa yametulia. Tawi hilohilo likianguka mita 1 kabla ya kamba kukaza, kisha kamba ikalisimamisha ndani ya nusu mita, kwa wastani kamba inabeba kilo 120 wakati wa kusimamisha, kilele cha mshtuko kikiwa juu ya hapo, na kapi inapata 240. Mita 1 ya ulegevu imegeuza kazi ndogo kuwa kazi ya kung'oa panda.

Usiifunge kamba ya matawi kwenye panda inayokubeba wewe, wala kwenye mkanda wako, hata kwa tawi jepesi namna gani.

Breki

Sehemu hii ndiyo inayoitofautisha kazi ya peke yako na nyingine zote. Kwenye kikosi, mtu wa chini huachia kamba ikimbie kidogo tawi linapoanguka, na huko kukimbia humeza mshtuko. Wewe huwezi. Wakati wa kukata mikono yako yote miwili iko kwenye msumeno, kwa hiyo breki lazima iwe imefungwa kabisa. Breki iliyofungwa haina huruma na ulegevu. Ndiyo maana kamba iwe imekaza kama uzi wa fundi mwashi kabla msumeno haujagusa gome.

Breki iwe kwenye shina, usawa wa kiuno chako au chini kidogo, upande ambao tawi halitapita. Kuna namna mbili ninazoziamini.

Ya kwanza ni kigutu: tawi ulilokwisha kulikata ukaacha sentimita 30, lenye kipenyo cha 10 hadi 15, zima, lisilooza. Zungusha kamba mara tatu kisha ufunge kwa nusu fundo mbili. Kila mzunguko kamili hupunguza nguvu unayohitaji kushikilia kwa mara nne au tano hivi, na kwenye gome la kukwaruza zaidi ya hapo. Wakati wa kushusha unafungua mafundo, unabakiza mizunguko, unaachia kidogokidogo. Ikigoma kutoka, punguza mzunguko mmoja. Usiutoe kabla hujaona kwamba miwili inatosha.

Ya pili ni karabina ya chuma yenye tumbo pana kwenye kitanzi kilichozungushwa shina, na fundo la munta. Inafungwa kwa kitanzi na nusu fundo, inafunguliwa hata ikiwa na mzigo, na haihitaji kigutu. Hasara yake ni kuisokota kamba, basi iache ncha yake ining'inie huru chini ili ijisokotoe.

Kabla ya kila kata, vuta kamba kwa uzito wa mwili mpaka uone tawi limeinuka kidogo, kisha funga.

Kulifunga tawi

Fundo ni bolaini ya kukimbia. Zungusha ncha kwenye tawi, kisha ufunge bolaini ikiwa imeikumbatia kamba kuu: pete ndogo kwenye ncha, ncha ipande ndani ya pete, izunguke nyuma, irudi kwenye pete ileile. Vuta kamba kuu na kitanzi kinabana tawi. Ongeza nusu fundo moja upande wa shina ili mzigo ugawanyike sehemu mbili za tawi.

Funga karibu na mahali pa kukata, sentimita 30 hadi 50 nje yake, na kati ya fundo na mkato kuwe na kitawi au kigutu cha kuzuia kamba isichomoke, maana tawi likishaning'inia kichwa chini kamba huvutwa kuelekea kwenye mkato. Tawi lililofungwa hivi husogea kidogo tu kuelekea shina. Ukifunga kwenye ncha ya mbali, tawi zima hubembea kuja kwako na kitako mbele. Kwa mtu aliye peke yake hiyo si njia.

Lakini tawi likishuka kichwa chini, majani yake yatafika wapi? Pima kwa macho: kama tawi lina mita 4 na bati liko mita 3 chini, litapiga bati kamba ikiwa bado imekaza. Hapo unaanza na ncha. Vitawi vinavyoweza kushikwa kwa mkono mmoja vikate kwa msumeno wa mkono na uvirushe mahali peupe, mpaka tawi libaki fupi. Kazi nyingi ya peke yako huishia hapo, kwenye vipande vya kurusha, na kamba inabaki kwa vichache vikubwa. Usione aibu kwa hilo. Muda unaodhani unaupoteza ni mdogo kuliko wa kutengeneza paa la watu.

Kukata

Simama upande wa pili wa shina, au juu ya mkato. Kamwe chini yake, na usiwe kati ya tawi na shina. Hakikisha kamba yako mwenyewe haipiti njia ya tawi wala ya mnyororo. Piga kelele "Mbali!" na usubiri jibu.

Kwa tawi la kulala, anza chini: kata robo ya unene. Kisha kata kutoka juu, sentimita 2 au 3 nje zaidi kuelekea nchani. Tawi litavunjika kati ya mikato miwili bila kuchana gome la shina. Kwenye miti yenye nyuzi ngumu unaweza badala yake kutoa mdomo mpana chini, wenye umbo la kabari, na kukata kutoka juu polepole, ukiacha bawaba nyembamba, yaani sehemu ndogo isiyokatwa; tawi linainama taratibu mpaka kamba inalipokea. Mparachichi na mgrevilea usizitegemee bawaba zake. Mbao zake hukatika ghafla kabla hujategemea, kwa hiyo vipande viwe vifupi zaidi.

Tawi la kusimama au kilele chembamba kina mkato wake. Kata upande mmoja hadi kupita katikati, kisha upande wa pili hadi kupita katikati, sentimita 3 juu ya ule wa kwanza. Mikato imepishana, na kipande kinabaki kimesimama. Zima msumeno, utundike, rudisha mikono yako yote, ndipo ukivunje kwa kusukuma. Mkato huu ndio rafiki mkubwa wa mtu wa peke yake, maana unatenganisha kukata na kuangusha.

Tawi likishaning'inia, usilikimbilie. Funga breki ya mnyororo, zima mashine, itundike. Acha tawi liache kubembea. Ndipo ufungue mafundo ya breki, mkono mmoja ukiwa umeshika ncha muda wote, na ushushe mwendo ule ule bila kustukiza. Likitua, legeza mita 1 ya ziada ili fundo lisiwe na mvutano, kisha mwite mtu wa chini. Atoe kamba, arudi alipokuwa, akujibu. Ndipo uvute juu.

Shina lenyewe

Matawi yakiisha, hakuna tena kitu juu yako cha kutundikia kapi. Watu hufunga kapi chini ya mkato na kuacha gogo lianguke juu ya kamba. Kikosi chenye mtu wa breki hodari hufanya hivyo. Kwa breki iliyofungwa, gogo lile huupiga mti unaokubeba kwa nguvu ambayo hutaki kuihisi ukiwa umejifunga hapo. Ukiwa peke yako kata magogo ya sentimita 30 au 40 kwa mikato ya kupishana, uyasukume kwa mikono yaangukie kwenye matairi makuukuu au rundo la matawi uliyoshusha. Gogo la kipenyo cha 30 na urefu wa 40 lina kama kilo 29, linasukumika. Kama chini hapana hata mita 2 za uwazi, kazi hiyo si ya mtu mmoja, na mwenye nyumba aelezwe hivyo kabla ya bei kukubaliwa.

Kumalizia

Vigutu vyote kwenye mti unaobaki hai vikatwe mwisho, nje kidogo ya shingo ya tawi, pale palipovimba. Ukiikata shingo yenyewe kidonda hakifungi vizuri na uozo huingia. Kigutu cha breki kiwe cha mwisho kabisa.

Kamba ioshwe utomvu kwa maji matupu, ianikwe kivulini, kisha uipitishe yote mkononi taratibu. Unapohisi ugumu, ulaini usio wa kawaida au nyuzi zilizokatika, kata hapo. Kipande kizuri kitakachobaki kitakuwa kifupi, nacho kitafaa kwa vitanzi vya kufungia mizigo mepesi.